Mto Tana na Mafuriko Yake

Mgeni afikaye Garissa kwa mara ya kwanza, masika yakiwa bado hayajakoma huko bara, aweza kukuta jambo la kumshangaza. Ardhi imekauka, migunga imesimama mikavu katika jua, na vumbi limetanda njiani. Lakini mto umejaa hadi ukingoni, maji yake ni mekundu, nayo yanachukua magogo na matawi mabichi. Mvua ya Garissa kwa kawaida haifiki milimita 400 kwa mwaka. Basi maji hayo yote yatoka wapi?

Jawabu liko mbali, katika Mlima Kenya wenye urefu wa mita 5,199, na katika Milima ya Nyandarua iliyo magharibi yake. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huja zimejaa unyevu. Zinapokutana na milima hiyo hulazimika kupanda, na kadiri zinavyopanda ndivyo zinavyopoa, hata unyevu wake ukawa mawingu na mvua. Ndiyo sababu miteremko ya kusini na mashariki ya Mlima Kenya hupata mahali pengine zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, ilhali upande wa kaskazini, uliojificha nyuma ya mlima, huenda usipate hata nusu yake. Mvua kubwa hunyesha kuanzia Machi hata Mei, na zile za vuli kuanzia Oktoba hata Desemba. Kwa hiyo Tana nayo hujaa mara mbili kwa mwaka.

Wengi hudhani kwamba theluji ya kileleni ndiyo inywesheayo mto. Sivyo. Barafu ile ni kidogo, na kila mwaka yazidi kupungua. Sehemu yake katika maji ya Tana ni ndogo mno. Ghala la kweli la maji ni mimea. Chini ya mawe ya kilele pana nyika ya baridi yenye majani ya mashuke na mimea ya ajabu inayopita kimo cha mtu. Chini yake pana mianzi, na chini ya mianzi pana msitu mkubwa. Mvua iangukapo msituni hupokewa na majani, kuvu na udongo mwororo, kisha hutolewa polepole kwa chemchemi muda wa miezi mingi. Lakini mahali palipokatwa miti, maji hushuka kwa siku moja, nayo huondoka na udongo wa shamba.

Kutoka huko mto husafiri kiasi cha kilomita 1,000 hata baharini karibu na Kipini. Katika nchi kavu ya chini, mafuriko ndiyo mvua yake. Maji yanapopanda ukingo hulowesha ardhi pande zote mbili, na hapo husimama msitu mwembamba wa mikuyu, mikindu na mikoma, huku hatua chache nyuma yake ni nyika tupu. Katika msitu huo huishi aina mbili za nyani na kima zisizopatikana penginepo popote duniani. Kwa ajili yao hifadhi ilianzishwa mwaka 1976.

Wapokomo wamejifunza tangu zamani kuishi na mto huu. Mashamba yao hayakupimwa kwa mraba, bali yalikatwa vipande virefu vinavyoanzia majini na kurudi nyuma hadi porini. Hivyo kila ukoo ulipata ukingo ulioinuka, wa kupanda ndizi na mahindi, na pia bonde linaloshika maji, la kupanda mpunga. Mafuriko yakiwa ya kiasi, maji hupwa na kuacha tope jipya lenye rutuba. Waorma nao, wafugaji wa ng'ombe, hushuka mtoni wakati wa ukame kwa njia walizozizoea. Njia hizo zikizibwa, magomvi huzuka, na mara nyingine damu humwagika.

Wahenga walisema, maji hufuata mkondo. Tana aghalabu hujichimbia mkondo mpya. Huko Hola serikali ya kikoloni ilianzisha mashamba ya kumwagilia maji, ikawatumia mahabusu wa Mau Mau. Tarehe 3 Machi 1959 mahabusu 11 walipigwa hata wakafa, katika kulazimishwa kufanya kazi hiyo. Mwaka 1961, baada ya ukame mkali, yakaja mafuriko makubwa yaliyokata barabara na kuzamisha vijiji. Kisha mwaka 1989 mto wenyewe ukaugeuka mkondo wake. Mitambo ya kuvutia maji ikabaki pakavu, na mashamba ya Hola yakakaa miaka mingi bila kulimwa.

Wakati huo mto ulikuwa umekwisha kufungwa huko juu kwa mabwawa: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Faida yake ni kubwa. Taa zimewaka mijini na viwanda vimezunguka kwa nguvu za Tana. Lakini mabwawa huzuia zaidi yale mafuriko madogo yaliyomfaa mkulima, na tope la rutuba hubaki chini ya maji ya Masinga. Mafuriko makubwa hayakukoma. Yalikuja mwaka 1997, na tena mwaka 2024, bwawa la Masinga lilipojaa hata likamwaga maji, na barabara ya Garissa ikafunikwa.

Hapana mtu awezaye kusema kwamba mabwawa yasingejengwa. Lakini ni haki kuuliza ni nani apataye taa, na ni nani akosaye tope. Mkulima wa Murang'a akatapo mti ukingoni mwa kijito, na mhandisi afunguapo lango la bwawa, wote wawili wanaandika habari ya mpunga wa mtu wasiyemjua, aliye mbali nao kwa mamia ya kilomita. Anayetaka kuifahamu historia ya bonde la Tana hana budi kuusoma mto mzima, kuanzia mianzi ya mlimani hata mikoko ya Kipini.