Mganda (ngoma)

*Kwa watu wa Buganda tazama makala Waganda.*

Mganda, pia malipenga, ni ngoma ya wanaume inayochezwa kuzunguka Ziwa Nyasa: kaskazini mwa Malawi, katika wilaya za Nyasa na Mbinga mkoani Ruvuma, na wilayani Kyela mkoani Mbeya, ambako huitwa mapenenga. Wachezaji hujipanga safu kama askari kwenye gwaride, huvaa kaptula, soksi ndefu na mashati meupe, na hufuata filimbi ya kiongozi wao. Ngoma hizi zina asili ya pamoja na beni ya miji ya pwani ya Bahari ya Hindi.

Karibu kila jamii inayoicheza huihesabu kuwa ngoma yake ya jadi, na mtazamaji wa Kyela anaweza kushangaa kuambiwa kwamba ni ndugu wa ngoma iliyoanzia Lamu na Mombasa. Undugu huo hata hivyo unaonekana katika majina, vyombo na vyeo.

## Jina na vyombo

Katika Kitonga na Kichewa *lipenga* ni tarumbeta, na *malipenga* ni wingi wake. Chombo chenyewe si cha shaba. Ni kibuyu kilichotobolewa mahali pa mdomo, na tundu la pili limezibwa kwa utando wa buibui. Mchezaji hapulizi tu bali huimba ndani yake, na utando hutetemeka ukatoa sauti ya kukwaruza inayofanana na ya bendi. Vibuyu vikubwa hutoa sauti nzito, vidogo sauti nyembamba, hivyo kundi zima husikika kama brasbendi iliyoota shambani. Pamoja na vibuyu hupigwa ngoma kubwa yenye ngozi pande mbili, ambayo umbo lake ni la ngoma kuu ya bendi ya kijeshi.

Kuhusu majina mawili, jambo lilikwisha kuwekwa wazi na W. P. Koma-Koma wa Malawi, aliyechapisha kitabu mwaka 1965 kwa jina la *Mganda kapena Malipenga*, maana yake "Mganda au malipenga". Mapenenga ya Kyela ni neno hilohilo kwa matamshi ya kwao.

Makundi huwa na vyeo. Kuna mfalme, kapteni, daktari, na mara nyingine nesi. Nchini Malawi kundi huitwa *boma*, neno ambalo wakati wa ukoloni lilimaanisha ofisi ya serikali.

## Beni ya pwani

Beni ilitokea katika miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890. Jina latokana na neno la Kiingereza la bendi. Wakati huo kulikuwa na bendi ya Sultani wa Zanzibar, bendi za manowari zilizotia nanga bandarini, na bendi ya watumwa walioachwa huru huko Freretown karibu na Mombasa. Lakini mashindano ya ngoma kati ya mitaa yalikuwapo pwani kabla ya tarumbeta ya kwanza ya shaba kusikika. Vijana walichukua sare, vyeo na mwendo wa gwaride wakaviingiza katika ushindani wa zamani. Mjini Mombasa walishindana Kingi na Skochi, na katika Tanganyika ya Wajerumani walishindana Marini na Arinoti. Marini ilivuta makarani na wenye elimu, Arinoti watu wa kawaida.

Mwanahistoria Terence Ranger aliandika habari hizi katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu beni. Kabla yake Wazungu wengi waliona beni kama kichekesho, Waafrika wakiiga mabwana zao. Ranger alionyesha kwamba vyama vya beni vilikuwa pia vyama vya kusaidiana, na kwamba kugeza jeshi kulikuwa njia ya watu kujipatia heshima katika mji mpya. Hoja yake ina nguvu: anayeiga tu hana sababu ya kutengeneza tarumbeta kwa kibuyu.

## Vita na ziwa

Beni ilipelekwa bara na askari, makarani na wapagazi, na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia iliharakisha safari hiyo. Ziwa Nyasa lilikuwa uwanja wa vita tangu mwanzo. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza *Gwendolen* ilishambulia meli ya Wajerumani *Hermann von Wissmann* huko Liuli, na tarehe 9 Septemba kikosi cha Wajerumani kilichovuka mto Songwe kilipigana na Waingereza Karonga. Mwezi Mei 1916 jeshi la Jenerali Northey liliingia kutoka kusini na kuteka Neu-Langenburg, yaani Tukuyu ya leo. Nyuma ya askari walitembea wapagazi, walioitwa *tengatenga* upande wa Nyasaland. Maelfu ya watu wa makabila mbalimbali walikaa miaka katika kambi, wakaona gwaride kila asubuhi na beni jioni.

Waliorudi nyumbani hawakuwa na fedha ya kununua vyombo vya shaba, ila vibuyu vilikuwapo. Hapo beni ikawa malipenga.

Ndani ya eneo la ziwa ngoma ilisafiri kwa maji. Upande wa kaskazini-mashariki Milima ya Livingstone inashuka karibu moja kwa moja ziwani, na kwa muda mrefu mwenye safari ya kijiji cha Ikombe, ng'ambo ya ghuba kutoka Matema, alipanda mtumbwi au alifuata njia ya miguu. Wakisi wa Ikombe hufinyanga vyungu na kuvipeleka soko la Matema kwa mitumbwi. Watu wa pwani hii wamezoea kupata vitu, habari na nyimbo kutoka ufuko wa jirani kuliko kutoka mlimani. Ndiyo maana mapenenga ya Kyela yanafanana zaidi na malipenga ya Malawi kuliko na ngoma za nyanda za juu.

## Ngoma ya mikuki

Mapenenga hayakukuta uwanja mtupu. Monica Wilson, aliyefanya utafiti kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1930, alieleza ngoma ya wanaume kwenye mazishi, *ukukina*, ambamo vijana walirukaruka wakiwa na mikuki na kukanyaga ardhi kwa kishindo. Hiyo ilikuwa ngoma ya vita hasa, na mara nyingine iligeuka ugomvi wa kweli. Vijana wa Kinyakyusa waliishi katika vijiji vya rika, na yaelekea mazoea hayo ya rika moja kushindana na jingine yalirahisisha kupokelewa kwa makundi ya mapenenga. Ila mpangilio haukutoka huko. Safu iliyonyooka na hatua ya pamoja ni vya gwaride. Katika ukukina kila mtu alionyesha ushujaa wake mwenyewe.

## Kutafuta asili

Tatizo kama hili linajulikana mbali na hapa. Mitindo mingi ya mapigano ya Kichina hudai kutoka hekalu la Shaolin na mtawa Bodhidharma, wakati masimulizi yanayomhusisha na mazoezi ya mwili yanapatikana katika maandishi ya karne ya 17 tu, miaka zaidi ya elfu moja baada yake. Ngoma za Ziwa Nyasa zina bahati ya kuwa na mashahidi wa karibu. A. M. Jones aliandika makala kuhusu mganda wa Rhodesia ya Kaskazini mwaka 1945. J. Clyde Mitchell alitoa kitabu mwaka 1956 kuhusu kalela, ngoma ya migodi ya shaba huko Luanshya, ambayo aliifuatilia nyuma hadi beni. Wachezaji wake walikuwa Wabisa waliosifu kabila lao na kutania makabila mengine, huku wamevaa fulana safi na suruali zilizopigwa pasi, bila vazi lolote la Kibisa.

Wanyakyusa nao walikwenda kwa wingi kwenye migodi hiyo ya shaba, na pia kwenye dhahabu ya Lupa, Chunya. Ngoma iliyotoka vitani iliwakuta tena kazini, kisha ikarudi nao Kyela.