Faksi

Faksi, ambayo katika barua za serikali ya Tanzania huandikwa pia nukushi, ni njia ya kupeleka nakala ya waraka kwa waya wa simu, hata aliye mbali apokee, si maneno matupu kama ya telegramu, bali sura yenyewe ya karatasi, pamoja na mwandiko, muhuri na sahihi ya mwenyewe. Na hiyo ndiyo fadhila yake kubwa. Mashine huisoma karatasi mstari kwa mstari, ikipambanua palipo peupe na palipo peusi, kisha huigeuza tofauti hiyo kuwa sauti ipitayo katika simu, na mashine ya pili huirejesha kuwa alama juu ya karatasi.

Wengi hudhani chombo hiki ni cha juzi, lakini asili yake ni kongwe kuliko simu: Alexander Bain, fundi wa saa wa Uskoti, alipata hataza mwaka 1843, na kasisi Giovanni Caselli wa Italia akaanzisha huduma ya umma kwa waya wa telegrafu baina ya Paris na Lyon mwaka 1865, miaka 11 kabla ya hataza ya simu ya Alexander Graham Bell. Kanuni za kimataifa za mwaka 1980 ziliwezesha mashine za viwanda mbalimbali kufahamiana. Wajapani waliipenda faksi mno, kwa kuwa hati yao yenye maelfu ya herufi ilikuwa dhiki kubwa kwa teleksi, mashine iliyopeleka maandishi herufi kwa herufi. Barua pepe imeipokonya kazi nyingi, ingawa hospitali za Marekani zingali zikiitumia.