Catch: Kukamata, Kunasa au Kudaka?

Polisi, mvuvi, golikipa na abiria, kwa Kiingereza wote hutumia kitenzi kimoja: catch. Kiswahili huuliza kwanza kinachoshikwa ni nini na kimefikaje mkononi. Mwizi hukamatwa, samaki huvuliwa, mpira hudakwa, basi huwahiwa, wazinzi hufumaniwa. Kwenye maradhi sentensi hupinduka kabisa: Mwingereza ndiye ayashikaye mafua, ilhali sisi mafua ndiyo yanayotushika.

Kwa istilahi za kompyuta, vitenzi vitatu hugombea nafasi. Kukamata kumetokana na kukama, yaani kubana kwa mkono, pamoja na kiambishi kilekile kinachogeuza fumba kuwa fumbata. Kuna nguvu ndani yake. Kunasa huhitaji mtego au ulimbo, na mtegaji anaweza kuwa amelala nyumbani. Kudaka hutaka kitu kiwe hewani bado. Ndiyo maana anayeingilia mazungumzo huambiwa asidakie maneno: yangali yanamtoka mwenzake kinywani.

Sasa tazama Java, lugha ya programu iliyotolewa mwaka 1995. Humo catch ina mwenzake, throw, yaani kurusha. Programu ikikuta jambo isiloliweza, kwa mfano kugawanya namba kamili kwa sifuri, hurusha taarifa ya hitilafu. Taarifa hiyo hupanda kutoka sehemu iliyokwama hadi ile iliyoiita, kisha iliyo juu yake, hadi ikute palipoandaliwa kuipokea. Isipopata mpokeaji, kazi hukatika.

Kunasa kungefaa kwa kuwa mpokeaji huandaliwa mapema, lakini kungevunja jozi. Kurusha na kudaka ni jozi anayoijua kila aliyecheza rede, na hubeba mengine bila kulazimishwa: mdakaji hudaka aina ya hitilafu aliyoagizwa tu, nyingine zikampita, na aliyedaka asichoweza kukishughulikia hukirusha tena. Neno catch lenyewe hubaki hivyo ndani ya msimbo, maana kompyuta haielewi jingine. Kudaka ni kwa maelezo, vitabu na darasa.

Lugha ya Python haina catch. Mahali pake pana except. Hata hivyo kazi ni ileile, na mwalimu anaweza kuendelea kusema kudaka, kwa sababu kilichofasiriwa ni tendo.