Kukinga kitanda cha bembea na mvua

Kitanda cha bembea, ambacho wengine hukiita machela, ni kitambaa au wavu unaotundikwa kati ya miti miwili ili mtu alale bila kugusa ardhi. Kwa wapiga kambi wa misituni hiyo ndiyo sifa yake kubwa: tope, mizizi na maji yanayopita chini havimhusu aliyelala. Mvua ni habari nyingine. Kitanda chenyewe hakina paa wala ukuta, na ncha zake zimefungwa kwenye mashina ambayo, mvua ikikolea, huwa mifereji ya maji ya mti mzima.

Asili

Kitanda hiki kilizaliwa chini ya paa. Wataino wa visiwa vya Karibi, ambao Christopher Columbus aliwakuta mwaka 1492, walikitundika ndani ya nyumba zao za miti zilizoezekwa majani. Katika Amazonia desturi hiyo ingali hai, na abiria wa vyombo vya mtoni kati ya Manaus na Belém hutundika vitanda vyao sitahani. Mvua inapokuja, maturubai yaliyokunjwa pembeni huteremshwa. Jeshi la majini la Uingereza lilivikubali rasmi mwaka 1597. Mabaharia walilala sitaha za chini, na mchana vitanda vilivyokunjwa vilipangwa kandokando ya sitaha ya juu na kufunikwa visilowe.

Kwa hiyo kwa karne nyingi suala la mvua lilikuwa la nyumba au la meli. Lilianza kumhusu mlalaji mwenyewe pale kitanda kilipopelekwa porini. Katika Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani lilitengeneza machela ya msituni ya modeli ya 1942, ambayo paa lake la kuzuia maji na chandarua chake vilishonwa pamoja na kitanda. Wapiga kambi wengi wa leo huvitenganisha, nao wana sababu nzuri: turubai lililo peke yake hufungwa kwanza na kufunguliwa mwisho, hivyo kitanda na matandiko hutolewa mfukoni mahali palipo pakavu tayari.

Turubai

Kitanda cha kawaida cha kambini kina urefu wa mita 3 hadi 3.4. Kikitundikwa kwa ulegevu unaofaa, umbali kati ya ncha zake hupungua hadi kama asilimia 83 ya urefu huo. Cha mita 3.3, basi, huchukua mita 2.7 hivi, na turubai lenye mgongo wa mita 3.3 humwachia mlalaji upenu wa sentimita 30 kila upande. Upenu ukipungua chini ya sentimita 15, mvua ya upepo itafika kitambaani.

Asiye na turubai la kitaalamu hajakosa njia. Turubai la plastiki la sokoni lenye mita 3 kwa 3, likitundikwa kona kwa kona, hupata mgongo wa mita 4.2. Ni zito na lina kelele, lakini halinywi maji, na kwa anayeanza linatosha kabisa. Kasoro yake ni kwamba kadiri linavyoelekea ncha ndivyo linavyokuwa jembamba, kwa hiyo kichwa na miguu hubaki na kinga ndogo ya ubavuni. Turubai la pembe sita hupunguza kasoro hiyo, na la mstatili lenye mabawa ya kufunga ncha zote mbili huiondoa.

Ubavu wa turubai, si ncha yake, ndio uelekezwe kwenye upepo, na upande huo ushushwe hadi karibu na ardhi. Mgongo wake uwe karibu na kitanda, lakini ikumbukwe kwamba kitanda hushuka mtu akilala, na nafasi iliyoonekana ndogo jioni huwa kubwa usiku.

Nailoni ina tabia ya kunyonya maji na kulegea. Turubai lililokazwa vizuri saa moja usiku huweza kukutwa limebonyea saa nane, maji yametuama katikati. Poliesta hulegea kidogo sana. Mwenye nailoni afunge kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kati ya kila kona na kamba yake, aukaze hadi uvutike. Turubai likirefuka, mpira hurudi na kuchukua ulegevu wote. Ni dawa rahisi, na inashinda kutoka gizani kukaza vigingi.

Maji ya kamba

Wengi wanaoamka wamelowa hulaumu turubai, ilhali maji yamewafuata kwa kamba. Mvua inayopiga matawi hukusanyika na kuchuruzika shinani, na miti yenye gome laini huteremsha maji mengi kuliko yenye gome la magamba. Mkanda uliozungushiwa shina huyapokea maji hayo, na kwa kuwa unateremka kuelekea kitandani, huyapeleka huko. Kitambaa hulowa kwanza nchani. Kisha nyuzi zenyewe huyanyonya na kuyasukuma mpaka sehemu ya chini kabisa, yaani mgongoni mwa mlalaji. Juu yake turubai ni zima, halina hata tundu.

Wako wanaojaribu kupunguza mteremko huo kwa kukaza kamba zikaribie kulala. Hilo haliondoi tatizo, kwa sababu mtu akilala kitanda hubonyea tu, na lina hatari yake. Kamba zenye mteremko wa digrii 30 hubeba kila moja mkazo sawa na uzito wa mlalaji: mtu wa kilo 80, kilo 80 kila upande. Kwa digrii 15 mkazo hukaribia mara mbili ya huo. Digrii 30 zibaki, na maji yakatwe njiani.

Kinachoyakata ni kipande cha uzi. Maji hushikamana na kamba na kuifuata hadi yapate njia ya mkato ya kushuka, na uzi ulioning'inizwa ndiyo njia hiyo. Uzi wa pamba, hata kamba ya kiatu, hufaa kuliko wa plastiki kwa kuwa hunyonya. Uzungushwe kwa kukazwa ili pande zote mbili za mkanda zishikwe, na ncha yake ining'inie sentimita kadhaa bila kugusa kitanda. Mahali pake ni ndani ya upenu, kabla ya kitanda kuanza. Ukifungwa nje ya turubai, mvua italowesha upya sehemu ya kamba iliyo kati ya uzi na upenu. Pete ya chuma au kulabu husaidia kudondosha maji, lakini haiaminiki peke yake, maana kitambaa kinachopita ndani yake huendelea kunyonya.

Kamba ya mgongo wa turubai ina kosa lilelile ikiwa imepitishwa chini ya turubai kutoka mti hadi mti. Hata iliyokazwa sana huinama katikati, na matone hukimbilia hapo, juu ya kifua cha mlalaji. Ifungiwe uzi kila upande ndani kidogo ya ukingo, au itumike kamba mbili fupi, kila moja ikiishia kwenye ncha ya turubai. Jaribio lake ni jepesi: kabla ya giza mwaga kikombe cha maji kwenye mkanda karibu na shina, uangalie yanadondokea wapi.

Unyevu na mahali

Usiku usio na upepo, pumzi ya mlalaji hugeuka matone upande wa ndani wa turubai lililofungwa kila upande; kuacha ncha moja wazi kidogo hutosha. Kwenye misitu ya baridi, kama ya Usambara au miteremko ya Mlima Kenya, mlalaji huhitaji pia blanketi linalotundikwa chini ya kitanda, nalo hufikiwa na maji yanayoruka kutoka ardhini. La manyoya ya bata likilowa husinyaa na kupoteza joto. La nyuzi za viwandani hustahimili zaidi.

Mti wenye matawi makavu haufai kabisa, hata kama umesimama mahali pazuri, kwa kuwa mvua na upepo ndivyo huyaangusha. Mti mrefu ulio peke yake huvuta radi.

Baada ya mvua

Turubai lililolowa hufungwa katika mfuko wake, mbali na kitanda, na hutandazwa siku hiyohiyo likifika nyumbani. Kitambaa cha nailoni hakiozi kwa urahisi, lakini utando wa poliurethani uliopakwa juu yake huvunjwavunjwa na unyevu ukihifadhiwa kabatini. Huanza kunuka, kisha kunata, kisha kubanduka. Likifika hapo turubai halizuii tena maji, na dawa ni kununua jingine.