Shingo ya bata (kiungo)

Shingo ya bata ni chuma au bomba lililopindwa likapanda, likajikunja na kushuka, ili liunganishe vitu viwili visivyoweza kukutana kwa mstari mnyoofu, au ligeuze mdomo wake uangalie chini. Mafundi wa Uvira na Bukavu waliojifunza kazi kwa Kifaransa huiita col de cygne, kwa jina la bata maji mweupe wa Ulaya, ndege asiyeishi bonde la Ruzizi.

Katika Katogota, kijiji kilicho kando ya Barabara ya Taifa namba 5 kati ya Luvungi na Kamanyola, shingo inayotumika kuliko zote ni ya baiskeli, au kinga kama wanavyosema Wakongo. Ndiyo inayoshika usukani na kuuingiza katika bomba la uma wa mbele. Kwa baiskeli nyingi za kizamani, mguu wake una kipenyo cha milimita 22.2, na ndani yake hupita bolti ndefu inayovuta kabari ya chuma. Bolti ikikazwa, kabari inapanda na kubana ukuta wa bomba. Anayetaka kuishusha hulegeza bolti mizunguko michache tu, kisha huigonga kichwani kwa nyundo mpaka kabari iachie; anayeifungua yote kabla ya kugonga huiacha kabari imekwama ndani. Kosa la hatari zaidi ni kuinua shingo kupita alama iliyochongwa mguuni. Mwenye gunia la mchele au la makaa huegemea usukani kwa nguvu zote anaposukuma, na mguu ulioshikwa kwa sentimita mbili hung'oka.

Kwenye malori shingo hubeba uzito wa aina nyingine. Tela la kubebea katapila lina sakafu ya chini sana. Mbele yake boriti nene hupanda, huvuka juu ya magurudumu ya nyuma ya kichwa cha lori, na pini yake huingia katika sahani ya kuunganishia ya lori. Pini ya kawaida ni ya inchi 2, ya mizigo mizito sana ni ya inchi 3.5. Faida iko mahali uzito unapoangukia. Tela lililofungwa nyuma ya bampa hukandamiza mkia wa gari na kupunguza uzito wa magurudumu ya mbele, usukani ukawa mwepesi na tela likaanza kuyumba. Uzito ukitua juu ya ekseli, gari hutulia. Ndiyo maana pikapu za Marekani zinazovuta mifugo hufungwa tufe la inchi 2 5/16 katikati ya bodi. Ulaya jina hilohilo hupewa upau mfupi wa kukokotea, uliopindwa na kubeba tufe la milimita 50.

Tela la sakafu ya chini lina gharama yake: hukwama tumbo kwenye tuta, na katika kona kama zile za mteremko wa Ngomo, juu ya Kamanyola, magurudumu ya tela hukata ndani kuliko ya kichwa. Nyufa mara nyingi huanzia kwenye mzizi wa shingo, mahali mkazo hujikusanya. Kuchomelea kiraka juu ya ufa ambao haujachimbwa na kusafishwa ni kuuficha tu.

Nyumbani, robine ya shingo ndefu hupendwa kwa sababu ndoo au sufuria kubwa huingia chini yake. Shingo inayopindika ya taa ya mezani ni waya wa mviringo na waya wa pembetatu zilizosokotwa pamoja. Msuguano wao ndio unaoishikilia, na ukilegea hakuna cha kukaza.

Kwa afya, shingo muhimu kuliko zote ni ile isiyotazamwa na mtu: bomba la hewa juu ya tangi la maji. Maji yakishuka, hewa lazima iingie. Bomba likisimama wima, mvua na kinyesi cha ndege huingia ndani. Likipindwa mdomo ukaangalia chini na kufungwa wavu wa mbu, hewa hupita peke yake. Katika eneo la Uvira, ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara, wavu huo unastahili kukaguliwa kila tangi linaposafishwa, maana huweza kutoboka kwa kutu bila aliyesimama chini kuona.