Numantia: Mji Uliozingirwa na Hadithi Yake

Kila taifa lina hadithi za mashujaa wake. Wajibu wetu ni kuuliza: nani aliziandika, na zinamtumikia nani?

Tuchukue mfano wa Numantia, mji wa kabila la Waarevaki kaskazini mwa Hispania. Mwaka 134 K.K. dola ya Kirumi, iliyokwisha kuaibishwa na mji huo mara kadhaa, ilimtuma jemadari Scipio Aemilianus. Scipio hakuushambulia. Aliuzungushia ukuta na kambi saba ili njaa imfanyie kazi. Jeshi lake, asema mwanahistoria Appian, lilifikia watu 60,000, wakiwamo wenyeji wa Hispania hiyo hiyo.

Appian, aliyeandika karibu miaka 300 baadaye, anasimulia kwamba Rhetogenes na wenzake walipenya usiku kwenda kuomba msaada. Vijana wa mji wa Lutia walikuwa tayari kusaidia. Wazee wao wakapeleka habari kwa Scipio kwa siri, naye akawakata mikono vijana 400. Mwaka 133 K.K. Numantia ilisalimu amri. Baadhi walijiua. Kati ya waliobaki, 50 waliwekwa kwa ajili ya gwaride la ushindi, na wengine wakauzwa utumwani.

Sasa tuitazame hadithi ilivyokua. Florus, mwandishi wa Kirumi, alidai hakubaki hata mtu mmoja wa kufungwa minyororo. Katika karne ya 16 Cervantes alitunga tamthilia ambamo kijana wa mwisho anajirusha kutoka mnarani. Mwaka 1882 magofu ya mji yalitangazwa kumbukumbu ya taifa. Mwaka 1936 kikosi cha Franco kilichoitwa Numancia kiliteka kijiji cha Azaña, na kijiji kikapewa jina la kikosi hicho. Mwaka 1937, Madrid ikiwa imezingirwa na Franco, Rafael Alberti aliitoa upya tamthilia ya Cervantes ili kuwatia moyo watetezi wa Jamhuri. Hivyo mji mmoja ulizipigania pande zote mbili za vita.

Hatusemi kwamba ushujaa wa Numantia ni uongo. Watu wale walipinga ubeberu mpaka njaa ikawashinda. Lakini hadithi ya kwamba wote walikufa huru imewafuta waliouzwa sokoni, na imewasitiri wazee wa Lutia. Taifa linalokumbuka mashujaa tu na kuwasahau watumwa na wasaliti wake halijajifunza jinsi mji unavyoanguka.