Ziwa Victoria na Wenye Kulitabiria

Mtu akitabiri jambo lisitokee, watu humcheka. Akitabiri la pili, hawamsikilizi. Ndivyo ilivyokuwa katika habari za maji ya Ziwa Victoria, na ubishi huo si wa jana wala juzi.

Vipimo vya kila mara vya usawa wa ziwa hili vilianza kuandikwa mwaka 1896. Mwaka 1923 mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, C. E. P. Brooks, alivilinganisha na hesabu ya madoa meusi yaonekanayo katika uso wa jua, ambayo huzidi na kupungua kwa mzunguko wa miaka 11 hivi. Akaona kuwa madoa yalipozidi ziwa lilijaa, na yalipopungua ziwa nalo lilishuka. Ilionekana kana kwamba ufunguo wa ziwa umepatikana juu mbinguni.

Lakini miaka aliyoitazama haikufika 30, na baadaye mapatano hayo yalivunjika. Mwishoni mwa 1961 mvua kubwa mno ilinyesha, na ziwa likapanda zaidi ya mita 2, likaingia mashambani na gatini. Lilipofika kileleni, Mei 1964, madoa ya jua yalikuwa machache sana.

Mwaka 2006 mambo yaligeuka. Kwa sababu ya ukame, na ya maji mengi kufunguliwa katika mabwawa ya umeme ya Jinja, ziwa lilishuka kuliko wakati wowote katika miaka 80 hivi. Wako waliohofu kuwa linakufa. Kumbe Mei 2020 lilivuka hata alama ya 1964, na maelfu ya watu wa kandokando yake wakayahama makao yao.

Mwenye nyumba iliyoingiwa na maji ana haki ya kuuliza, "Ninyi mliotuonya kuwa ziwa litakauka, mwasemaje leo?" Swali hilo ni jema, lakini halitoshi. Na aulize tena: utabiri ule ulisimama juu ya nini? Brooks hakudanganya, vipimo alivyovitumia vilikuwa vya kweli. Kosa lilikuwa kudhani kuwa mambo mawili yaliyoandamana kwa muda mfupi yataandamana daima. Na kosa hilo halikufichuliwa na dhihaka. Lilifichuliwa na vipimo vile vile, vilivyoendelea kuandikwa mwaka baada ya mwaka.

Kwa subira hiyo twajua zaidi sasa. Zaidi ya robo tatu ya maji yaingiayo ziwani ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe. Na mvua kubwa za 1961 na 2019 zilikuja wakati Bahari ya Hindi ilipopata joto kupita kawaida upande wetu wa Afrika. Sababu hii ina mizizi kuliko ile ya madoa, nayo pia yapasa kupimwa kila mwaka.

Basi, msomaji, usiamini kila utabiri, wala usikatae kila onyo. Anayeamini yote hudanganywa. Anayekataa yote hujenga palipoachwa na maji, akasahau kuwa ziwa hukumbuka njia yake.